Alama 63 kati ya 135: kisa cha mtahiniwa aliyedhani hana maneno

Matokeo ya jaribio yanasema hivi: maswali ya Kiingereza 45, yaliyojibiwa 45, sahihi 27, makosa 18. Kila jibu sahihi lina alama 3 na kila kosa linakatwa alama 1, kwa hiyo 81 toa 18, zinabaki 63 kati ya 135. Mwenye matokeo akayatazama kwa dakika mbili, akafunga kompyuta, akajiambia kwamba msamiati ndio hana. Kesho yake akaanza kukariri maneno 50 kwa siku kutoka kwenye orodha. Wiki tatu baadaye akafanya jaribio jingine: sahihi 27, makosa 17, swali moja akaliacha. Alama 64. Maneno zaidi ya elfu moja yamemletea alama moja, na hata hiyo ameipata kwenye swali ambalo hakuligusa.

Mtahiniwa huyu ni wa mfano, ameshonwa kutokana na vipande vya wengi. Makosa yake si ya kubuni; ndiyo yale yale yanayorudi kila msimu. Tumweke Patna, jimbo la Bihar, India, katika chumba cha kupanga mtaa wa Musallahpur, ambako vituo vya tuisheni vimebanana kama maduka ya Kariakoo. Ana shahada ya biashara. Shule amesoma kwa Kihindi, Kiingereza kilikuwa somo tu. Anawania mtihani uitwao Combined Graduate Level, CGL, unaoendeshwa na Staff Selection Commission, SSC, tume ya serikali kuu ya India iliyoanzishwa 1975. Kupitia mlango huo hupatikana wakaguzi wa kodi ya mapato, wakaguzi wa hesabu na maofisa wasaidizi wa wizarani.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu mbili za kukifuata kisa hiki. Ya kwanza: anayejiandaa kwa usaili wa mchujo Dodoma au Nairobi, akitafuta mtandaoni maswali ya bure ya Kiingereza ya kuchagua jibu, mara nyingi huangukia maswali yaliyotungwa kwa mitihani ya India. Ya pili: Kihindi na Kiswahili, kila kimoja kwa njia yake, humtumbukiza msemaji wake katika mashimo yanayofanana. Na kuna shimo moja ambalo Kiswahili kinampa mwenyewe ngazi ya kutokea, ila watu hawaitumii.

Mtihani unavyopimwa

Kwa utaratibu ulioanza na tangazo la 2022, hatua ya kwanza ya CGL ni ya kuchuja tu. Maswali 100 kwa dakika 60, 25 kati yake ya Kiingereza, kila moja alama 2, kosa linakata nusu alama. Ushindani wenyewe uko hatua ya pili. Huko karatasi ya kwanza, inayofanywa na wote, ina alama 390 zinazopanga watu kwa ubora: hesabu na mantiki 180, kisha sehemu yenye maswali 45 ya Kiingereza na 25 ya maarifa ya jumla, alama 210. Kiingereza peke yake ni 135, zaidi ya theluthi ya zote. Sehemu hiyo ya maswali 70 hupewa saa moja, na kuigawa saa hiyo ni juu ya mtahiniwa.

Mtaala unataja aina za maswali waziwazi: kutambua kosa katika sentensi, kujaza mapengo, visawe na vinyume, tahajia, nahau, neno moja badala ya kirai, kuboresha sentensi, kauli ya kutenda na kutendwa, usemi halisi na wa taarifa, kupanga vipande vilivyochanganywa, kifungu chenye mapengo, na ufahamu. Kuhusu ufahamu unasema kifungu kimoja angalau kiwe chepesi, kinachotokana na kitabu au hadithi, na kingine kitokane na masuala ya sasa, tahariri au ripoti. Anayefanya mazoezi ya ufahamu kwa hadithi peke yake amejiandaa kwa nusu, tena nusu iliyo rahisi.

Kuhesabu makosa kabla ya kuyatibu

Kosa la kwanza la mtahiniwa wetu lilikuwa kusoma jumla na kuacha kusoma makosa. Ukiyachambua yale makosa 18 kwa aina ya swali, picha inabadilika: msamiati wa kila namna 4, sarufi 6, kifungu chenye mapengo 2, kupanga sentensi 2, ufahamu 4. Dawa ya maneno 50 kwa siku ilielekezwa kwenye makosa manne.

Lakini kugawa kwa aina ya swali hakutoshi, kwa sababu aina ya swali ni mahali kosa lilipotokea, si chanzo chake. Daftari la makosa linalofaa lina safu nne: swali lenyewe limenakiliwa zima, jibu ulilochagua, jibu sahihi, na herufi moja ya sababu. Herufi nne zinatosha. N ni neno: ungelijua hilo neno ungepata. S ni sheria: hukuijua kanuni. K ni kichwa, yaani neno linalotawala kitenzi: kanuni unaijua, maneno unayajua, ila hukuona kitenzi ni cha nani au kauli ni ya nani. B ni kubahatisha. Watu wengi huongeza herufi ya haraka, na hapo daftari linakufa, maana kila kosa litaandikwa haraka. Uliposoma haraka kuna kitu mahususi ulichokiruka, andika hicho.

Makosa 18 yalipopewa herufi, yalitoka hivi: K 8, B 5, N 3, S 2. Kati ya zile K, nne zilikuwa kwenye sarufi, tatu kwenye ufahamu na moja kwenye kifungu chenye mapengo. Yaani kilichoonekana kama udhaifu wa aina mbili, wa sarufi na wa ufahamu, kilikuwa udhaifu mmoja unaovaa nguo mbili.

Kichwa cha sentensi

Hili ni swali la kutambua kosa la aina aliyokosea. Sentensi imekatwa vipande, unachagua kipande chenye kosa au unasema hakuna kosa:

"The quality of the mangoes supplied by the new traders / were not / up to the mark. / No error"

Akachagua hakuna kosa. Ukimuuliza kanuni, anakutajia bila kusita: kiima cha umoja, kitenzi cha umoja. Kanuni anayo. Kilichompata ni kwamba aliisoma sentensi kwa sikio, na sikio lilipofika kwenye "were" lilikuwa limetoka kusikia "traders". Mtunzi wa swali anajua hilo. Aliweka maneno manane kati ya "quality" na kitenzi chake kwa makusudi, mawili kati ya hayo ya wingi, na la wingi la mwisho akalisogeza hadi mlangoni mwa kitenzi. Wanaofundisha kwa kusema "soma, usikilize kama inasikika vizuri" wanamfundisha mtahiniwa kukanyaga pale pale palipotegwa.

Sasa iseme kwa Kiswahili: ubora wa maembe yaliyoletwa na wafanyabiashara wapya *hau*kuwa wa kuridhisha. Kiambishi kimeshakujibu. U- ni ya ubora. Ingekuwa ya maembe ingekuwa "hayakuwa", ya wafanyabiashara "hawakuwa". Upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili unakulazimisha kumkumbuka mwenye kitenzi hata akiwa mbali, kitu ambacho Kiingereza hukifanya kwa nadra na kwa herufi moja. Sanduku la maembe limefika. Hakuna asemaye yamefika, labda awe anazungumzia maembe. Mtahiniwa wa Patna naye ana kifaa cha namna hiyo nyumbani kwake: kwa Kihindi husemwa "aamon ki peti aa gayi", na kitenzi kinafuata jinsia na umoja wa sanduku, si wa maembe. Hakuwahi kukitumia kwa sababu aliambiwa tangu utotoni asifikirie kwa Kihindi anapoandika Kiingereza. Ushauri mzuri kwa kuongea, si kwa kukagua.

Kifaa kinaonyesha thamani yake zaidi pale penye vitenzi viwili:

"One of the clerks who works in this office has been transferred."

Wengi huona "one", wanaridhika na "works", wanaikagua "has" na kusema hakuna kosa. Kiswahili: mmoja wa makarani *wa*naofanya kazi katika ofisi hii *a*mehamishwa. Wanaofanya ni makarani, aliyehamishwa ni mmoja. Kwa hiyo "who work" na "has been transferred". Vitenzi viwili, vichwa viwili, viambishi viwili. (Viko vitabu vya tuisheni vilivyoweka "works" kama jibu sahihi. Shika funguo za majibu za SSC yenyewe, ambazo hutolewa pamoja na maswali katika tovuti yao kwa muda maalumu. Mwenye akili hupakua mapema.)

Hali kadhalika "the number of applicants has risen" na "a number of applicants have complained", jozi inayorudi mara kwa mara. Idadi ya waombaji *i*meongezeka. Waombaji kadhaa *wa*melalamika. Sentensi ya pili ukiitafsiri kwa kadhaa, kichwa kinahamia kwa waombaji, na ndivyo Kiingereza kinavyotaka.

Zoezi lake ni la kuchosha na halina mbadala. Chukua sentensi 15 kwa siku. Usitafute kosa. Kata kwa penseli kila kinachoanza na "of", "by", "in", "with", kila kishazi cha "who", "which" na "that", na kila kilichofungiwa kati ya koma mbili. Kinachobaki kipigie mstari: kichwa na kitenzi. "Quality … were." Hapo kosa lenyewe linajisema. Wiki mbili za kwanza fanya kwenye karatasi. Baada ya hapo hamia kwenye skrini, kwa sababu mtihani ni wa kompyuta na skrini haikatwi kwa penseli. Unatamka kichwa na kitenzi chake kimoyomoyo. Anayebaki kwenye karatasi hadi wiki ya mwisho hugundua kwenye chumba cha mtihani kwamba mkono ndio uliokuwa ukifikiri.

Mahali Kiswahili kinapodanganya

Ngazi hiyo ina vidato vilivyooza, na ni vizuri kuvijua kwa majina.

"The minister, along with his secretaries, has arrived." Sisi husema waziri, pamoja na makatibu wake, *wa*mefika, bila aibu. Kiingereza hakiwahesabu waliokuja na "along with", "as well as", "together with" na "in addition to". Hapo kata kilicho kati ya koma na usitafsiri.

"Neither the officers nor the director was informed." Hapa kitenzi kinamfuata aliye karibu. Geuza mpangilio, "neither the director nor the officers", na kitenzi kinakuwa "were". Hii ni kanuni ya kukariri, hakuna ujanja.

Nomino zisizohesabika ni balaa jingine. Tunasema taarifa zote, samani zimenunuliwa, nywele zake nyeusi, na mkono unaandika "informations", "furnitures", "her hairs are black". Habari zimefika, lakini "the news has come". Orodha ya kukariri ni fupi: "information", "furniture", "luggage", "advice", "equipment", "news", "scenery", "machinery". Maneno manane, siku moja, basi.

Kwenye nyakati, Mhindi na Mswahili wanatumbukia wakiwa wameshikana mikono. Nafanya kazi hapa tangu 2019. Kihindi nacho hutumia wakati uliopo, na mtu huandika "I am working here since 2019", badala ya "I have been working". Kihindi kina hatari ya ziada: neno lao "se" hutumika kwa 2019 na kwa miaka miwili pia, ndipo inapotoka "since two years". Kanuni fupi: ukiweza kuonyesha kwa kidole kwenye kalenda, "since", ukihesabu kwa vidole, "for". Upande wetu hatari nyingine ni -me-. Nimemwona jana husikika sana katika Kiswahili. "I have seen him yesterday" ni kosa, kwa sababu Kiingereza hakikubali wakati huo pamoja na neno linalotaja muda uliokwisha.

Usemi wa taarifa pia. "He said to me, 'Where are you going?'" inakuwa "He asked me where I was going." Kwa Kiswahili aliniuliza ninakwenda wapi, na wakati haujasogea hata hatua moja, kwa hiyo jicho linaipitisha "where I am going" kama rafiki wa siku nyingi. Angalia vitu viwili kwa mpangilio huu: je, wakati umerudi nyuma, na je, mpangilio wa swali umevunjwa? Chaguo lenye "where was I going" limewekwa kwa aliyekumbuka la kwanza na kusahau la pili.

Makosa mawili ya S ya mtahiniwa wetu ni haya. "Hardly had he reached the station than the train left", ambapo "hardly" inataka "when", na "no sooner" ndiyo inayotaka "than". Na "unless you do not apply". Usipoomba ina ukanushi ndani ya tumbo, na "unless" nayo ina wake. Ukiongeza "not" umekanusha mara mbili. Makosa ya S hupona haraka kuliko yote. Unaandika kanuni, unatunga sentensi tatu, unairudia siku ya tatu, ya saba na ya ishirini na moja.

Udhaifu ule ule ndani ya ufahamu

Sasa kifungu. Hiki ni cha mtindo wa ripoti, kifupi, cha kuonyeshea:

"The decision to close the smaller branches, though criticised by depositors in the villages, was taken only after repeated audits had shown that the cost of keeping them open exceeded the deposits they brought in. What the audits did not measure was the distance an old customer would now have to walk."

Hakuna neno gumu hapo kwa mwenye shahada. Swali la kwanza: matawi yalifungwa kwa nini? Chaguo: wanavijiji waliyalalamikia, gharama zilizidi amana, wateja walikuwa wakitembea mbali, ukaguzi ulikuwa umepuuzwa. Akachagua la kwanza. Tazama kilichotokea. Alisoma "branches" kisha "criticised", akaviunganisha, kwa sababu viko karibu. Lakini kilicholaumiwa ni uamuzi. Uamuzi wa kufunga matawi, ingawa *u*lilaumiwa, *u*lichukuliwa. Ni zile "mangoes" na "were" zimerudi kwa nguo nyingine.

Swali la pili: msimamo wa mwandishi kuhusu ukaguzi ni upi? Chaguo: anaukubali bila shaka; anaudharau; anaukubali ila anaona una pengo; haujali. Akachagua anaudharau, kwa sababu ya "did not measure". Kichwa cha sentensi ya mwisho ni kile ambacho ukaguzi haukukipima, na mwandishi anakitaja: umbali. Hakusema ukaguzi ulikosea gharama. Sentensi ya kwanza hata inautetea, kwa "only after repeated audits". Maswali ya msimamo huamuliwa na vineno: "though", "yet", "however", "only", "even", "merely". Kila kimoja kikionekana, simama nusu sekunde ujiulize kinageuza nini.

Kuna mtego mmoja hapo ambao hakuukanyaga lakini wengi hukanyaga: chaguo la tatu. Kutembea mbali kumetajwa kwenye kifungu, ni kweli, ila ni matokeo na swali liliuliza sababu. Mtunzi hupenda chaguo la namna hii, kweli isiyojibu swali. Mengine anayoyapenda ni lenye "all", "never" au "always" ambapo kifungu kimesema "many". La nusu sahihi, ambapo mwanzo ni sawa na mkia umepotoka. Na lile unalolijua kutoka kwenye magazeti lakini kifungu hakikulisema. La mwisho huwaangusha wasomaji wazuri kuliko wabaya.

Usome maswali kwanza au kifungu kwanza? Ubishi huu hauishi. Kinachofaa kwa muda wa SSC ni kupitisha macho kwenye mashina ya maswali tu, bila chaguo, kwa sekunde 15 hadi 20, halafu kusoma kifungu mara moja kwa mwendo wa kawaida ukitafuta kichwa na kitenzi cha kila sentensi ndefu, kisha kujibu. Kusoma chaguo kabla ya kifungu ni kujipandia uongo kichwani. Tatu kati ya nne ni za uongo. Mtahiniwa wetu alikuwa akisoma kifungu, swali, kifungu tena, swali la pili, kifungu tena. Vifungu viwili vyenye maswali kumi vilimla dakika 19 kati ya 44 alizotumia kwa Kiingereza chote, akabaki na 16 za maarifa ya jumla.

Kubahatisha: hesabu yake

Zile B tano zilimtia hofu kuliko inavyostahili. Alibahatisha saba, akapata mbili, akakosa tano: 6 toa 5, faida ya alama moja. Ndivyo hesabu inavyotabiri. Katika hatua ya pili, kubahatisha kipofu kati ya chaguo nne kuna nafasi moja ya kupata 3 na nafasi tatu za kukatwa 1, wastani sifuri kamili. Ukiondoa chaguo moja kwa uhakika, wastani unapanda hadi theluthi ya alama kwa swali. Ukiondoa mawili, alama nzima. Katika hatua ya kwanza, ambako sahihi ni 2 na kosa ni nusu, hata kipofu ana faida ndogo, 0.125.

Kwa hiyo sheria ya "usibahatishe kamwe" ni mbovu, na ya "jaza yote" haina madhara ya alama. Madhara ni ya dakika. Kabla ya kubahatisha, mtahiniwa wetu alikuwa akilitazama kila swali la kupanga sentensi kwa karibu dakika tatu. Kwa maswali hayo, tafuta kwanza sentensi isiyoweza kuanza, ile yenye "he", "this", "such" au "but" mwanzoni, kisha jozi moja isiyoachana, mtu aliyetajwa kwa jina na kiwakilishi chake. Jozi moja mara nyingi huua chaguo mbili. Zikipita sekunde 70 bila jozi, chagua kati ya zilizobaki, sogea.

Wiki sita, dakika 70 kwa siku

Ratiba aliyopewa: dakika 20 za sentensi 15 za kukata na kupigia mstari, 25 za vifungu viwili, kimoja hadithi na kimoja ripoti au tahariri, 15 za daftari la makosa, 10 za maneno. Maneno kumi, si hamsini, tena yatokane na mitihani iliyopita ya SSC, maana tume hurudia. Kila neno na sentensi yake. Jumapili jaribio zima la sehemu ya maswali 70 kwa saa moja, na Jumatatu hakuna kitu kipya, ni kuyapa herufi makosa ya jana. Siku ya Jumatatu ndiyo wengi huiruka. Wanafanya majaribio mawili badala yake, na makosa yale yale yanapata mazoezi.

Wiki ya kwanza na ya pili alama zilishuka. Hilo lilitarajiwa: anayeanza kutafuta kichwa cha sentensi husoma polepole, na aliacha maswali tisa kwa kukosa muda. Ya tatu kasi ikarudi. Jaribio la wiki ya sita: aliyojibu 42, sahihi 34, makosa 8, aliyoacha 3. 102 toa 8 ni 94, kwa dakika 36.

Herufi za makosa nane: N 4, B 2, K 2. Sasa ndiyo zamu ya maneno, kwa kuwa nusu ya kilichobaki ni N, na ratiba ilibadilishwa: sentensi 15 zikawa 6, dakika zilizookolewa zikaenda kwenye nahau na neno moja badala ya kirai.

Moja kati ya K mbili zilizobaki ni hii: "Among the papers left on the table was two unsigned cheques." Aliipitisha. Kichwa hapa kimewekwa nyuma ya kitenzi, na ile kata ya penseli inakuacha na "was" peke yake, bila kitu mbele yake. Kiswahili hakisaidii, kwa sababu tungesema kulikuwa na hundi mbili, na ku- ni ya mahali. Kwa sentensi zinazoanza na "among", "here", "there" au "on the table", swali la kujiuliza ni moja: ni nini kilichokuwapo? Hundi mbili. "Were."